Dakika Tatu Nyuma ya Kombi Nyeupe

Abilio Ñaupari hakuwa na gari lake mwenyewe, ingawa alikuwa ameendesha magari ya watu kwa miaka thelathini na mmoja. Hakuwa na magego mawili ya upande wa kushoto, kwa hiyo mahindi ya kuchemsha aliyatafuna kwa upande mmoja kama mbuzi. Hakuwa na mtoto wa kiume, wala kaka mwenye cheo, wala shemeji polisi. Hakuwa na hati ya kiwanja alichojenga kule Comas, juu vilimani, ambako maji hupandishwa kwa lori. Na tangu Jumatatu ile, saa nne asubuhi, hakuwa tena na beji ya uwanja wa ndege, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Shaka alikuwa nayo ya kutosha. Alimshuku muuza gesi kwamba anapunja mitungi. Alimshuku daktari wa meno kwamba alimng'olea magego mazima na kumwachia mabovu. Hata jogoo wa jirani alimshuku kwamba anawika makusudi. Mkewe Zenobia alizoea kusema kwamba mumewe akifika mbinguni ataanza kwa kukagua kufuli za mlango.

Aliyemvua beji ni Bi Ismodes, mwenye kampuni ya Guanay. Kampuni hiyo ilikuwa na kombi saba nyeupe zilizowapokea watu wanaoshuka kwenye ndege na kuwafikisha mahotelini na majumbani, popote ndani ya Lima. Bi Ismodes hakuwa mtu wa kupiga kelele, na siku ile alizungumza kwa sauti ya chini kuliko kawaida.

"Mzee Abilio, hii ni mara ya tatu."

"Najua, mama."

"Mara ya tatu tangu Juni, na mara zote tatu ni kombi yako. Madereva wengine sita hawajapatwa na kitu."

Abilio hakuhitaji kukumbushwa. Mambo yote aliyajua. Alhamisi iliyopita alimchukua Bi Nélida Carhuas, muuguzi aliyekuwa anarudi nyumbani baada ya miaka kumi na tisa ya kuwaogesha wazee wa watu kule Italia. Alimfikisha kwa dada yake, mtaa wa Pueblo Libre, akamshushia masanduku manne, akayapanga mlangoni, akapewa asante na kuondoka. Mama yule hakuwahi hata kuzungusha ufunguo mlangoni. Gari la kijivu lilisimama, wakashuka wanaume wawili, wakamnyang'anya mkoba ambao ndani yake kulikuwa na akiba ya miaka yote ile.

"Walimwitaje?" Bi Ismodes aliuliza. "Amekusimulia?"

"Hapana."

"Walimwambia, 'Mama wa Italia, leta huo mkoba.' Mama wa Italia! Ndege yenyewe ilitoka Madrid. Nani aliwaambia habari za Italia? Uliongea na nani njiani?"

"Na yeye mwenyewe, mama. Alinisimulia maisha yake."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna. Habari za abiria wangu sizitoi. Mdomo huu una kufuli."

Alilisema hilo akimtazama usoni, na kama angepewa msalaba angeushika na kuapa. Bi Ismodes alishusha pumzi, akanyoosha mkono, na Abilio akaivua beji shingoni. Chama cha wasafirishaji wa uwanja wa ndege kingeketi ofisini kwake Callao wiki inayofuata, mama yule alisema. Hawataki simu wala machozi. Wanataka barua ya maelezo, iliyosajiliwa, yenye muhuri wa posta usiozidi Ijumaa. Wakiridhika, beji itarudi. Wasiporidhika, jina lake litaingia kwenye orodha inayopelekwa kwa kampuni zote, na hakuna atakayempa hata toroli. Dereva aliyeuza abiria wake: ndivyo atakavyojulikana, na ndivyo binti zake wawili watakavyoulizwa sokoni.

Abilio alitoka pale akiwa na jina moja kichwani: Edilberto.

Edilberto Tacuri ndiye aliyepanga safari za Guanay. Simu zote zilipita kwake, majina yote aliyaandika yeye kwenye vibao ambavyo madereva huvinyanyua pale wageni wanapotokea. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitatu, kofia kichwani mchana kutwa. Tangu Juni, mwezi ule ule wizi ulipoanza, alikuwa ameanza kujipulizia manukato. Kila Jumanne saa tisa na nusu alitoroka kazini, na simu yake ikilia alikwenda kuipokelea uani. Abilio aliyajumlisha mambo hayo usiku kucha, na kila alipoyajumlisha yalitoa jibu lile lile.

Jumanne saa tisa na nusu alikuwa amejibanza nyuma ya kibanda cha magazeti karibu na ofisi. Edilberto akatoka, akatazama kushoto na kulia, akadandia basi la kwenda Magdalena. Abilio akadandia kwa mlango wa nyuma.

Ilikuwa miaka mingi tangu apande basi kama abiria, na hakulipenda jambo lenyewe hata kidogo. Kwenye usukani unawapa watu mgongo na hakuna anayekuuliza kitu. Huku nyuma kila mtu alikuwa na mikono, na mikono yote ilikuwa imefichwa mahali. Kijana mmoja alikuwa amesinzia kwa namna iliyopita kiasi. Mzee mwenye mwavuli alikuwa na mwavuli wa nini, katika mji ambamo hakujawahi kunyesha zaidi ya manyunyu? Pembeni yake alikaa mama mnene mwenye gunia mapajani, na gunia lilikuwa linatikisika lenyewe.

"Kuna nini humo?" Abilio akauliza.

"Simbilisi wawili wa kuchoma. Kesho ni siku ya kuzaliwa ya mume wangu." Mama akamwangalia vizuri. "Na wewe mjomba, mbona unamkodolea macho yule mwenye kofia? Amekuibia mke?"

"Mke wangu yuko nyumbani."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Watu wa viti vya karibu wakaangua kicheko. Kijana aliyesinzia akafumbua jicho moja, akacheka, akalifumba. Abilio akavuta ukosi wa koti na kujifanya anasoma tangazo la dawa ya minyoo lililobandikwa juu ya dirisha.

Magdalena, Edilberto akashuka, akapita soko, akaingia kwenye jengo la ghorofa mbili lisilo na jina mlangoni. Abilio akahesabu hadi mia moja, kisha akapanda ngazi kwa ncha za viatu. Mlango wa mwisho ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Akachungulia.

Edilberto alikuwa ameketi mbele ya kioo, shuka jeupe shingoni, kofia kwenye goti, kichwa kinang'aa kama kibuyu kilichopakwa mafuta. Mwanamume mwenye mkasi alikuwa anamvalisha nywele nyeusi za bandia, anazivuta mbele, anazivuta nyuma. Kwenye kioo, macho ya Edilberto na ya Abilio yakakutana.

"Yesu wangu!" Edilberto akaruka, nywele zikamwangukia usoni. "Mzee Abilio! Nani kakutuma?"

"Mwenyewe nimejituma."

"Usiwaambie kazini. Nakuomba kama baba yangu. Kuna dada mmoja wa Breña nimemwambia mimi ni mtu wa miaka thelathini na sita."

Abilio alisimama mlangoni, hajui mikono aiweke wapi. "Nilidhani wewe ndiye unayewauza abiria wangu," akasema mwishowe, kwa kuwa hakuona namna nyingine ya kueleza anafanya nini pale.

Edilberto hakukasirika. Alizinyanyua zile nywele kwa vidole viwili. "Niuze abiria halafu nivae hizi? Zishike. Zishike, mzee! Plastiki tupu. Mtu anayeuza abiria ananunua nywele za binadamu."

Hata fundi akacheka. Kisha Edilberto akatulia, akajipangusa uso. "Hebu fikiri vizuri. Yule wa pili, Mjerumani wa mwezi wa saba. Ofisini tulimwandika hoteli ya Miraflores, si ndiyo? Akabadili mawazo akiwa ndani ya gari lako, ukampeleka Barranco. Na Barranco ndiko walikomvamia. Mimi nilijua Miraflores tu. Bi Ismodes naye Miraflores. Aliyejua Barranco ni nani?"

"Mimi."

"Basi. Kilichovuja kilivujia njiani, mzee wangu. Hakikuvujia ofisini."

Abilio alishuka ngazi moja moja. Kilivujia njiani. Basi ndani ya kombi kuna kitu kimefichwa, akawaza, kidude cha kusikiliza, labda chini ya kiti, labda ndani ya taa. Na aliyeosha kombi ni nani? Na aliyebadilisha redio mwezi wa tano? Alipofika barabarani tayari alikuwa na watuhumiwa wapya wanne.

Akapanda basi la kurudi Comas, akakaa kiti cha nyuma ya dereva ili aone mlango. Basi likapanda barabara ya La Marina likisukumana na wenzake. Lilipokaribia makutano ya Universitaria dereva akapunguza mwendo na kushusha kioo, na Abilio hakuhitaji kuangalia ili ajue kwa nini. Pale kando ya barabara alikuwa amesimama Melchora Quincho, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, daftari mkono mmoja, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye kidole. Melchora aliuza dakika. Kila basi lililopita aliliandika na saa yake. Lililofuata akaliambia lililotangulia liko mbali kiasi gani na limebeba watu wangapi, dereva apate kujua akimbize au ajivute aokote abiria.

"Melchora! Nipe!"

"Mwekundu dakika nne, mtupu! Wa kijani mbili, amejaa hadi mlangoni!"

"Mimi arobaini, wengi wa sokoni!" Dereva akatupa sarafu. Melchora akaidaka hewani na kuandika.

Taa ikawa nyekundu, basi likakwama. Basi jingine likasimama nyuma yao, na Melchora akalifuata kwa hatua tatu, na Abilio kwa dirisha lililo wazi akasikia, wazi kabisa, sauti ile ile: "Mbele yako huyu hapa, arobaini, wengi wa sokoni!"

Maneno hayo Abilio alikuwa ameyasikia mara elfu ishirini maishani mwake, lakini kila mara akiwa kwenye usukani, na kila mara ameshaondoka kabla ya kusikia yake yakipelekwa kwa mwenzake. Halafu hasira ikampanda. Kumbe ni huyu! Akapiga ngumi kwenye bati la basi.

"Shusha!"

"Mjomba, umepanda sasa hivi."

"Nimesema shusha!"

Melchora alimwona anakuja akitweta kati ya magari, akacheka kabla hajafika. "Abilio! Leo kwa miguu? Umelichoka gari au gari limekuchoka?"

"Unamuuzia nani dakika zangu?"

"Dakika zako? Umezizaa wewe?"

"Usinifanyie mzaha, Melchora. Unamuuzia nani?"

"Anayelipa. Basi, kombi, teksi. Mwaka juzi nilimuuzia hata gari la maiti, lilikuwa limechelewa makaburini." Kisha akamwona uso vizuri, na kicheko kikamwisha. "Umepatwa na nini wewe?"

Abilio akamsimulia: mama aliyeporwa, wale wa kabla yake, gari la kijivu, beji. Alipotaja gari la kijivu, Melchora aligeuza kichwa kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa mbali. Akafungua daftari, akarudisha kurasa hadi Alhamisi, akalamba kidole, akampa.

Mwandiko wake ulikuwa mdogo na umenyooka. Abilio akasoma: *Saa 5.42. Abilio, kombi nyeupe. Mama wa Italia, masanduku 4, P. Libre kwa dada yake.* Na mstari wa chini: *Saa 5.45. Kijivu. Dakika 3 nyuma ya Abilio.* Pembeni mwa mstari huo alikuwa ameandika namba ya gari, kama alivyofanya kwa kila dereva ambaye bado hajamzoea.

"Nani alikwambia habari za mama wa Italia?" Abilio akauliza, sauti imepanda.

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe, na mdomo wako huo. Ulipunguza mwendo hapa hapa uliposimama, ukashusha kioo, ukasema, 'Melchora, nina mama wa Italia, masanduku manne, Pueblo Libre kwa dada yake, mbele kukoje?' Nikakwambia pita barabara ya Sucre, ile ya Bolívar ina shimo. Ukanitupia sarafu yangu ukaenda. Sasa unakuja kuniuliza mimi?"

Mabasi mawili yakapita, madereva wakaita, Melchora hakuwajibu. Huenda ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane.

Dereva wa basi wa Lima halipi dakika kwa sarafu peke yake. Sarafu ni nusu ya malipo, na nusu nyingine ni habari: umebeba wangapi, wa wapi, unaelekea wapi, ili anayekuja nyuma naye apate chake. Anayechukua dakika bila kutoa habari huitwa mnyonyaji, na baada ya wiki mbili hakuna muuza dakika anayemtazama. Abilio alikuwa ameliacha basi miaka sita nyuma na kupewa kombi yenye viti vya ngozi na beji shingoni. Kombi ya uwanja wa ndege haina wa kushindana naye barabarani, haihitaji dakika ya mtu. Lakini kila alipofika makutano yale mguu wake ulikanyaga breki wenyewe, mkono ukashusha kioo, mdomo ukatoa mzigo. Hakuhesabu kwamba huko ni kusema. Bi Ismodes alipomuuliza kama ameongea na mtu, Melchora hakumjia akilini, kama vile taa za barabarani zisivyomjia mtu akilini.

Na katika watu wote ambao angeweza kuwashuku wiki ile, hadi fundi redio, kuna mmoja hakumgusa: yeye mwenyewe.

"Alikuwa anasemaje?" akauliza. "Huyo wa kijivu."

"Alisema ni teksi ya kuchangia, anafuata njia hii. Kila mara swali moja: kombi nyeupe ya Abilio imepita saa ngapi, imebeba nini."

"Na hukushuku?"

"Nishuku nini? Kila dereva anamuulizia aliye mbele yake. Ndiyo kazi yangu." Melchora akakaa juu ya kreti lake la soda, akavua kofia, nywele nyeupe zikamtoka pande zote. "Mungu wangu. Nimewauza wale watu kama parachichi."

Wakatafuta tarehe mbili nyingine. Zote zilikuwamo. Mjerumani, *Barranco, amebadili hoteli*, na kijivu dakika nne nyuma. Wenzi wazee wa Juni, *Magdalena, mapete kila kidole*, na kijivu dakika tatu. Maneno ya mapete alikuwa ameyatoa yeye Abilio, akicheka.

Melchora akachana kurasa tatu, taratibu, zisipasuke, akamnyooshea.

Abilio hakupokea. "Mbona unanipa upesi hivyo?"

"Loo! Ningekunyima ungesema nina siri. Nikikupa, nina hila. Zenobia anakuvumilia vipi?" Akazisukuma kifuani kwake. "Chukua. Dakika zangu hazijawahi kuwa za uongo. Ninachoomba ni kimoja: usiniite mwizi kwenye karatasi yako."

"Nitaandika kilichotokea."

"Haya. Andika."

Jumatano Abilio alikaa mezani, akachonga penseli tatu ingawa aliandika kwa wino, akaweka rula chini ya kila mstari. Shule ya usiku alikuwa ameimaliza akiwa na miaka arobaini na minne, darasa zima likimwita babu, na mwandiko wake uliwahi kubandikwa ukutani. Barua ilitoka vizuri. Ilisema kwamba habari za abiria zilitolewa kwa wahalifu na mwanamke anayeuza dakika kwenye makutano ya La Marina na Universitaria. Kwamba mwanamke huyo alipokea sarafu kwa kila habari. Kwamba ushahidi ni mwandiko wake mwenyewe, kurasa tatu, pamoja na namba ya gari. Hapakuwa na neno hata moja la uongo. Aliisoma mara mbili, akahisi beji imeshamrudia shingoni.

Akampa Zenobia. Zenobia alikuwa anamenya viazi. Akafuta mikono, akasoma hadi mwisho, midomo ikitembea.

"Mwandiko kama wa karani wa mahakama," akasema.

"Sivyo?"

"Safi kabisa." Akachukua kiazi kingine. "Sasa huyu Melchora alijuaje kwamba yule ni mama wa Italia?"

"Alisikia."

"Kwa nani?"

"Njiani."

"Njiani kwa nani, Abilio?"

Abilio akaiangalia rula. "Nikiliandika hilo nimemwaga unga, mke wangu. Sheria yao ya kwanza imebandikwa hata mlangoni: habari za abiria hazitoki nje ya gari."

"Na usipoliandika?"

"Beji inarudi."

"Na yeye?"

Jibu walilijua wote wawili. Polisi wangemwondoa pale kwenye kreti lake asubuhi moja, na watu wa gari la kijivu wangejua nani ameandika namba yao. Zenobia akarudi kwenye viazi vyake. Alimenya kiazi hadi ganda likatoka zima, refu kama utepe.

"Hebu nishauri," Abilio akasema.

"Mimi nishauri nini? Mimi siye niliyekwenda shule ya usiku."

Alitaka kukasirika, na kwa kawaida angekasirika. Akatoka nje, akasimama kwenye ukingo wa kiwanja ambako Comas yote inaonekana hadi barabara kuu, mabasi madogo kama njugu, yanafuatana. Alimfikiria Bi Nélida. Ndani ya kombi mama yule alikuwa amemwonyesha mikono yake, ngozi imechubuka kwa sabuni ya hospitali za watu. Alimwambia anataka kufungua duka la dawa na dada yake, sebuleni, kaunta moja tu. Na yeye Abilio, robo saa baadaye, akashusha kioo. Mama yule huenda bado anajiuliza ni nani. Labda naye anamshuku dada yake.

Akarudi ndani, akaichana ile barua mara nne, akaanza nyingine. Hii haikutoka vizuri. Alikosea, akafuta, akaanza tena Alhamisi asubuhi, na rula hakuitumia. Sehemu yake moja ilisema hivi:

*Waheshimiwa wanakamati, niliulizwa na mwajiri wangu kama nimezungumza na mtu yeyote, nikajibu hapana. Jibu hilo halikuwa kweli, ingawa sikujua. Mimi, Abilio Ñaupari Llacsa, kwa mazoea ya udereva wa basi, nilimtajia muuza dakika abiria wangu na wanakokwenda, kila safari, kwa miaka sita. Yeye alifanya kazi yake kama anavyoifanya kwa kila dereva, na hakupata chochote zaidi ya sarafu ya kawaida. Kurasa hizi tatu alinipa kwa hiari yake. Jina lake na mahali anaposimama nimeviacha kwa sababu ya watu wa gari hilo. Nitavitaja mbele yenu mkiniita, si kwenye karatasi itakayopita mikono mingi. Namba ya gari ipo. Ipelekeni polisi leo, msingoje kikao. Na Bi Nélida Carhuas aambiwe kwamba hakuna mtu wa nyumbani kwake aliyemuuza. Ni dereva wake. Akitaka kuniona, nitakwenda.*

Zenobia aliisoma akiwa amesimama. Safari hii hakusifu mwandiko. Alimletea supu, na kipande cha kuku alichomwekea kilikuwa kikubwa kuliko chake mwenyewe.

Ijumaa Abilio alivaa suti yake moja, akaiweka bahasha ndani ya shati, juu ya ngozi, akafunga vifungo vyote. Akapanda basi la kushuka mjini. Kijana mmoja alimgusa kiwiko, Abilio akamrushia jicho hadi kijana akahamia nyuma. Mbele ya posta mtu alimwuliza saa, akamwambia hana, huku saa iko mkononi.

Karani wa dirisha la barua za kusajili alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba. Aliipima bahasha kwa mkono kabla ya kuipima kwa mizani.

"Bado iko wazi, baba."

"Nilitaka ifungwe mbele yangu."

"Nani mwingine angeifunga? Ni yako." Akachungulia ndani. "Nini hizi? Mbona zimechanwa?"

"Kurasa za daftari. Tatu. Zihesabu."

"Sihesabu mimi. Hesabu mwenyewe."

Abilio akazihesabu juu ya kaunta, watu wa foleni wakiguna nyuma yake. Moja, mbili, tatu, na barua. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba wengine wana kazi za kufanya.

"Unataka kuisoma tena?" karani akauliza. "Wengi husoma tena. Wengine huondoka nayo."

"Hapana."

"Gundi ile pale. Usiiweke nyingi."

Akaichovya brashi, akaipitisha ukingoni mara moja, akaukunja mdomo wa bahasha na kuubana kwa kiganja, akahesabu hadi ishirini. Kisha akakipitisha kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, akatafuta mahali palipoachia. Hapakuwapo. Akaisukuma chini ya kioo. Karani akagonga muhuri mara mbili, akachana stakabadhi, na bila kugeuza kichwa akaitupa bahasha kwenye gunia la Callao.